Yah: Ombi Dogo Kuhusu Watunzi wa Mwaka 1939

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Mmiliki wa redio tuipendayo sote.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

 

Awali ya yote naomba radhi kwa kukuandikia mbele za watu. Njia ya adabu ni kupitia kwa katibu muhtasi wako, na huko nilikwisha kupita. Ni muungwana kwelikweli. Kila barua aliipokea kwa mikono miwili na kuigonga mhuri. Kwa kuwa sina shaka kwamba majibu yamo njiani, naomba barua hii uihesabu kuwa imetoka kwenda kuyalaki.

Ombi langu ni dogo hata naona haya kulitamka. Naomba watangazaji wako, wanapopiga wimbo, wamtaje na aliyeutunga. Mwimbaji wanamtaja, tena mara tatu, pamoja na mtaa aliokulia na timu anayoishabikia. Namsemea yule mwingine, aliyekesha akiupanga wimbo mstari kwa mstari kabla mwimbaji hajaamka.

Najua jambo hili lina harufu ya madai, na mtu wa hadhi yako hastahili kuanza siku na harufu hiyo. Ndiyo maana sitamtaja mtunzi hata mmoja wa hapa nyumbani. Baadhi yao wangali hai, wana simu, na wana wajukuu wanaosomea sheria. Nimeuchagua mwaka 1939, na nyimbo zake za ng'ambo na za Johannesburg, kwa kukuonea huruma tu: watunzi wote nitakaowataja humu wamekwisha kufariki. Hakuna atakayefika getini kwako. Mlinzi na apumzike.

Naomba nianze na habari itakayokufurahisha. Mwaka huohuo wa 1939, wamiliki wa redio za Marekani, yaani wenzako, walichoka na watunzi. Chama cha watunzi na wachapishaji wa muziki, ASCAP, kilichokuwapo tangu 1914, kilitaka ada za redio zipande karibu maradufu. Wenye redio wakaungana, wakaunda chombo chao wenyewe, BMI, kikusanye nyimbo zisizopitia mikononi mwa wale wakorofi. Januari 1941 ulipofika, mitandao mikubwa ya redio ikaacha kabisa kupiga nyimbo za ASCAP. Ikakaa hivyo miezi kumi. Hebu fikiria raha hiyo, Mheshimiwa: miezi kumi bila barua ya mtunzi.

Walipiga nini basi? Walipiga nyimbo ambazo hakimiliki zake zilikuwa zimekwisha muda, hasa za Stephen Foster, aliyefariki 1864 akiwa na senti 38 mfukoni. Kwa idara ya fedha ya redio yoyote duniani sidhani kama kuna mtunzi bora kuliko huyo. Wasikilizaji, lakini, walichoka kusikia wimbo wake mmoja wa msichana mwenye nywele za kahawia nyepesi asubuhi, mchana na jioni, na mwisho pande zote mbili zikarudi mezani. Nakiri kwa moyo mweupe kwamba BMI ilileta heri pia, kwa kuwa iliwafungulia mlango watunzi weusi na wa muziki wa mashambani ambao ASCAP ilikuwa ikiwapita kama haiwaoni. Nayasema haya usije ukanidhania kuwa nimetumwa na chama.

Sasa, kuhusu uwezo wako. Hakuna anayeujua vizuri kuliko wewe, lakini niruhusu niutolee ushahidi. Mwezi Agosti 1939, wiki chache kabla ya vita, Lale Andersen alirekodi mjini Berlin wimbo wa askari anayemkumbuka msichana chini ya taa ya mtaani, "Lili Marleen". Maneno yalikuwa ya Hans Leip, aliyeyaandika 1915 akiwa askari kijana anayesubiri kupelekwa vitani. Lahani ilikuwa ya Norbert Schultze. Santuri iliuzwa nakala mia saba hivi, ikasahaulika. Kisha mwaka 1941 jeshi la Ujerumani likaiteka Belgrade, likaanzisha redio ya askari bila kuwa na santuri za kutosha, na mtu mmoja akaiokota hiyo kwenye sanduku. Wakawa wanaipiga kila usiku, saa nne kasoro dakika tatu, kufungia matangazo. Muda si muda hata askari wa Uingereza waliokuwa wakipigana na Wajerumani katika jangwa la Afrika Kaskazini walikuwa wakitega redio zao kwa adui ili wausikie. Goebbels, waziri wa propaganda, aliuchukia na akajaribu kuuzima. Akashindwa.

Wimbo uliokufa ulifufuliwa na redio, Mheshimiwa. Ni heshima yenu hiyo, siwanyang'anyi. Ila tazama na upande wa pili. Schultze huyohuyo aliyetunga lahani ile ya majonzi alitunga pia, wakati wa vita, wimbo wa kushangilia mabomu yanayodondoshwa Uingereza. Asiyelijua jina lake hawezi kuziweka nyimbo hizo mbili pamoja na kushangaa. Watu hudhani tunataka jina la mtunzi litajwe ili asifiwe. Wakati mwingine tunataka litajwe ili aulizwe. Na hata hili naamini litakupendeza, maana mara ngapi umepigiwa simu na wakubwa kuhusu maneno ya wimbo fulani, ukabaki kumtetea mwimbaji ambaye hakuandika hata neno moja?

Tarehe 1 Agosti 1939, huko New York, bendi ya Glenn Miller ilirekodi "In the Mood". Hata asiyejua jina lake anakijua kile kipande cha saksafoni kinachojirudia. Watu wote huuita wimbo wa Glenn Miller. Aliyeandikwa kuwa mtunzi ni mpiga saksafoni mweusi, Joe Garland. Na kile kipande chenyewe kilikuwa kimekwisha kusikika mwaka 1930 katika santuri ya mpiga tarumbeta Wingy Manone, ambaye jina lake halipo kabisa. Unaona jinsi mambo yanavyokuwa magumu mara tu mtu anapouliza nani alitunga. Pengine ndiyo sababu watangazaji wako, kwa busara, hawaulizi.

Lakini mwenye maneno ya wimbo ule ndiye ninayetaka kukutambulisha, kwa kuwa ni jirani yetu wa baharini. Anajulikana kama Andy Razaf. Jina lake kamili ni Andriamanantena Paul Razafinkarefo. Babu yake mzaa mama, John Waller, Mmarekani mweusi, alikuwa konsuli wa Marekani nchini Madagascar. Baba yake alitoka katika ukoo wa Malkia Ranavalona III. Wafaransa walipokivamia kisiwa mwaka 1895, baba aliuawa, mama akarudi Marekani akiwa mjamzito, na mtoto akazaliwa Washington mwishoni mwa mwaka huo. Mtoto wa nasaba ya kifalme, Mheshimiwa, aliyeanza kwa kazi ya kuendesha lifti mjini New York, akaja kuandika maneno ya nyimbo zilizochezwa na dunia nzima. Na kwa kuwa "In the Mood" hupigwa mara nyingi bila kuimbwa, hata pale ambapo mtangazaji angetaka kumtaja hapati nafasi. Bahari ya Hindi ilipeleka mtu wake katikati ya muziki wa Marekani, na sisi tunaokaa ufukweni hatujaambiwa.

Wimbo wa upinde wa mvua wa filamu ya The Wizard of Oz nitaupitia haraka, maana unajulikana. Aliyeuimba ni Judy Garland, binti wa miaka 16 wakati wa kupiga filamu. Lahani ni ya Harold Arlen, mtoto wa mwimbaji wa sinagogi kutoka Buffalo, iliyomjia akiwa ndani ya gari, mkewe akiendesha. Maneno ni ya Yip Harburg, aliyeingia kwenye utunzi baada ya biashara yake ya vifaa vya umeme kufilisika mwaka 1929. Wakubwa wa studio ya MGM waliona wimbo unaichelewesha filamu, wakataka ukatwe. Natumaini huoni kijembe hapo. Wakubwa wa studio si wakubwa wa redio. Februari 1940 ukapata tuzo ya Oscar. Miaka ya 1950 Harburg akawekwa kwenye orodha ya waliopigwa marufuku kufanya kazi Hollywood kwa sababu ya siasa zake. Mwaka 1956, angali amefungiwa, filamu ikaonyeshwa kwenye televisheni kwa mara ya kwanza na mamilioni ya watu wakaketi sebuleni kumsikiliza. Mtu alifungiwa, maneno yake yakaruhusiwa. Iliwezekana kwa sababu waliokuwa sebuleni hawakuwa wakifikiri kwamba maneno yale yana mtu.

Tarehe 20 Aprili 1939, Billie Holiday alirekodi "Strange Fruit", wimbo kuhusu watu weusi walionyongwa mitini kusini mwa Marekani. Alikuwa akiuimba katika klabu ya Café Society mjini New York, ambako weusi na weupe waliketi pamoja, jambo la nadra siku zile. Kampuni yake ya kurekodi, Columbia, iliuogopa. Ikamruhusu akaurekodi kwingine, kwa kampuni ndogo ya Commodore. Aliyeutunga, maneno na lahani, ni Abel Meeropol, mwalimu wa sekondari huko Bronx, aliyekuwa ameona picha ya watu wawili walionyongwa. Alitumia jina la Lewis Allan, majina ya watoto wake wawili waliozaliwa wakiwa wafu. Yeye na mkewe ndio baadaye waliowalea watoto wawili wa kiume wa Julius na Ethel Rosenberg, baada ya wazazi hao kuuawa kwa kiti cha umeme mwaka 1953 kwa kosa la kula njama ya ujasusi.

Mwaka 1956 kitabu cha maisha ya Billie Holiday kikatoka, na ndani yake mtu anasoma kana kwamba lahani ilitungwa na mwimbaji mwenyewe na mpiga piano wake. Meeropol akalazimika kudai kile ambacho kilikuwa chake tangu mwanzo. Hata hivyo kuna watu ambao hawakuwahi kusahau mtunzi ni nani. Kamati iliyokuwa ikichunguza ukomunisti miongoni mwa walimu wa New York ilimwita mapema kabisa, mwanzoni mwa miaka ya 1940, ikamuuliza kama Chama cha Kikomunisti kilimlipa ili aandike wimbo ule. Mtunzi anapatikana upesi sana siku ya kuhojiwa, Mheshimiwa. Siku ya kulipwa ndipo anwani yake inapotea.

Nimefika sasa kwenye wimbo ulionifanya nichukue kalamu, na naomba uvumilivu wako.

Mwaka 1939, katika studio ya Gallo mjini Johannesburg, kijana Mzulu kutoka Msinga aitwaye Solomon Linda aliingia na kundi lake la Evening Birds kurekodi wimbo wao wa simba, "Mbube". Walikuwa waimbaji wa wikiendi waliovaa suti safi na kushindana katika kumbi za mabweni ya wafanyakazi. Linda mwenyewe aliajiriwa na kampuni hiyohiyo ya Gallo, kazi yake ikiwa kupakia santuri kwenye maboksi. Walirekodi mara tatu. Katika ile ya tatu, karibu na mwisho, Linda aliachia juu ya sauti nzito za wenzake lahani nyembamba aliyoibuni papo hapo, sekunde chache tu. Hizo sekunde ndizo dunia nzima inazozijua leo. Haki za wimbo aliziuza kwa kiasi ambacho hutajwa kuwa shilingi 10, kisha akarudi kwenye maboksi. Katika miaka kumi iliyofuata ziliuzwa santuri kama 100,000, na aina nzima ya uimbaji wa kwaya za Kizulu ikaja kuitwa kwa jina la wimbo wake.

Santuri moja ilivuka bahari. Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo, akampa Pete Seeger, na kundi lake la The Weavers likaurekodi kwa jina la "Wimoweh". Mtunzi aliyeandikwa ni Paul Campbell, mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Lilikuwa jina la bandia la kukusanyia mirabaha ya nyimbo zilizodhaniwa hazina mwenyewe. Seeger alisema baadaye kwamba aliagiza Linda apelekewe dola 1,000. Mwaka 1961 George David Weiss akaongeza maneno ya Kiingereza, kundi la The Tokens likauimba kama "The Lion Sleeps Tonight", ukashika nafasi ya kwanza Marekani, na kwenye karatasi wakaandikwa Weiss na wenzake wawili, Hugo Peretti na Luigi Creatore. Mwaka uliofuata Linda akafariki kwa ugonjwa wa figo, maskini, na kaburi lake likakaa miaka mingi bila jiwe.

Ningependa utue hapo kwenye Paul Campbell. Hakuna aliyeingia nyumbani kwa Linda na panga. Ilitosha mtu mmoja kusema kwamba huu ni wimbo wa asili wa Kiafrika, wa mababu, wa porini huko. Watangazaji wako wanalipenda sana neno hilo. Nimewasikia wakilisema, kwa sauti nzuri na bila nia mbaya yoyote, kuhusu nyimbo ambazo watunzi wake niliwahi kupanda nao daladala moja. Nilisema sitawataja, na siwataji.

Mwaka 1994 lahani ya Linda ikaingia katika The Lion King, filamu ambayo simba wake mkuu ana jina la Kiswahili. Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, akaandika makala ndefu katika jarida la Rolling Stone akifuatilia pesa zilikokwenda. Ndipo mwanasheria Owen Dean akafukua kifungu katika sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika himaya yao: mtunzi akiuza haki zake, miaka 25 baada ya kifo chake haki hizo zinarudi kwa warithi, hata kama alisaini nini. Kwa Linda, hiyo ni 1987. Mwaka 2004 kesi ikafunguliwa Afrika Kusini dhidi ya Disney, na ili mahakama ya huko ipate nguvu juu ya kampuni ya kigeni, alama za biashara za Disney zilizosajiliwa nchini humo zikazuiwa, Mickey Mouse akiwemo. Februari 2006 wenye kumiliki wimbo huo Marekani, Abilene Music, wakakubaliana na familia: Linda atambuliwe kuwa mtunzi mwenza, na mabinti zake walipwe mirabaha iliyopita na ijayo. Miaka 67 baada ya zile sekunde chache, ilikuwa imebidi panya maarufu kuliko wote duniani azuiwe na mahakama ili jina la mpakia maboksi liandikwe mahali pake.

Sheria yetu, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo inampa mtunzi haki ya kutajwa. Lakini kumsomea mkubwa sheria ni utovu wa adabu, kwa hiyo sijaitaja.

Wataalamu wako watakueleza kwamba jina halipatikani. Wana sababu, nami nawatetea. Kwenye santuri za zamani jina la mtunzi lilichapwa chini ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo, mara nyingi ndani ya mabano. Nyimbo zilipohamishiwa kwenye kaseti, kisha kwenye kompyuta ya studio, aliyekuwa akichapa majina aliandika mwimbaji na wimbo, akaona inatosha. Toka hapo kila orodha ya nyimbo zilizopigwa inatoka bila mtunzi, na kwa kuwa vyama vya hakimiliki duniani hugawa mirabaha kwa kufuata orodha za namna hiyo, upungufu wa herufi chache kwenye kioo cha kompyuta unakuwa upungufu wa unga jikoni kwa mtu. Watasema pia kwamba muda wa hewani ni ghali. Ni kweli. Ila nimesikiliza kwa makini kipindi chako cha salamu, ambapo shemeji wa mtu anawasalimu wote wanaomfahamu, kuanzia stendi mpaka sokoni, akimaliza na wale aliowasahau, na nikapata matumaini kwamba sekunde nne zitapatikana.

Kwa hiyo nakuomba, kwa unyenyekevu wote uliobaki, uamuru jambo hili lianze na kipindi cha zilipendwa cha Jumapili, ambacho kina wazee wengi ndani yake. Mtangazaji ataje wimbo, mwimbaji na mtunzi. Na pale jina la mtunzi lisipojulikana, asiseme ni wimbo wa asili. Aseme jina bado linatafutwa, kisha ataje namba ya simu ya studio, taratibu, mara mbili, na mtu akae karibu na simu hiyo akiwa na karatasi.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Msikilizaji wa Jumapili